Kununua Vipuri vya Bomba la Mgongoni

Ndugu mkulima wa Bukoba na Muleba, leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya vitu vidogo unavyoviona vimemwagwa juu ya turubai siku ya gulio: vipuri vya bomba la kunyunyizia dawa.

Bomba tunalolisema ni lile la mgongoni, la kupampu kwa mpini. Mkono mmoja unapandisha na kushusha mpini, mkono wa pili umeshika fimbo ya kunyunyizia. Wengi tumezoea kuliita solo, kwa jina la kampuni moja ya Ujerumani, ingawa mengi yanayouzwa siku hizi yametengenezwa China, India na kwingineko. Hapa kwetu bomba hili lina kazi nyingi. Linakwenda bondeni kwenye nyanya na kabichi. Linakwenda kwenye mahindi yaliyoingiliwa na kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2017. Linanyunyizia ng'ombe dawa ya kupe.

Tangi la bomba hudumu miaka mingi. Vinavyokufa upesi ni vile vidogo: oringi, kikombe cha pistoni, valvu, mpira wa kupitisha dawa, kifyatuo cha kufungulia, chujio na nozeli. Hapo ndipo unapofunga safari kwenda dukani. Na dukani unaambiwa: "Cha kampuni yenyewe hatuna, lakini kipo kingine, kinaingia." Je, ukichukue?

Kwanza tutofautishe mambo matatu. Kuna kipuri halisi, kilichotengenezwa na kampuni iliyotengeneza bomba lako. Kuna kipuri mbadala, kilichotengenezwa na kampuni nyingine, nayo imeandika jina lake yenyewe bila kuficha. Na kuna kipuri bandia, kilichobandikwa jina la kampuni ambayo haikukitengeneza. Hicho cha tatu ni udanganyifu. Ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na shughuli hiyo inasimamiwa na Tume ya Ushindani.

Sasa basi, usichanganye mbadala na bandia. Kipuri mbadala si kibaya kwa sababu tu ni mbadala. Kuna mabomba ambayo vipuri vyake halisi havipatikani tena, na bila mbadala tangi zima lingetupwa. Lakini mbadala inabidi uipime mwenyewe kwa mambo mawili: kipimo chake, na kitu kilichotumika kuitengeneza.

Tuanze na kipimo. Usiende dukani na maneno matupu ya "naomba oringi ya solo." Fungua bomba nyumbani, lioshe vizuri kwa maji na sabuni, utoe kile kilichoharibika, ukioshe nacho, ukifunge kwenye karatasi uende nacho. Andika pia jina na namba iliyochapwa kwenye tangi. Ukifika, weka cha zamani na kipya pamoja, utazame upana, unene na kina. Kumbuka kwamba cha zamani kimelika, kwa hiyo kipya kuwa kinene kidogo si ajabu. Kama ni kitu cha kuzungusha, kwa mfano kifuniko cha nozeli, kizungushe kwa vidole. Kiingie kwa ulaini mizunguko mitatu au zaidi. Kikidai koleo tangu mwanzo, meno yake si ya bomba lako. Ukilazimisha, utaharibu na fimbo yenyewe.

Jambo la pili ni kitu kilichotumika. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Dawa nyingi za maji za kuua wadudu zimeyeyushwa katika mafuta ya jamii ya petroli. Mpira wa kawaida ukikaa ndani ya mafuta hayo hunywa, huvimba, kisha hulegea. Ndiyo maana makampuni mazuri hutumia mpira wa naitraili au wa vitoni, ambao huvumilia mafuta. Kwa macho, mipira yote ni myeusi na inafanana. Basi fanya hivi: nunua oringi moja ya ziada. Iweke kwenye kifuniko cha chupa chenye mafuta ya taa, mbali na moto na mbali na watoto, ilale humo usiku mmoja. Asubuhi ilinganishe na mwenzake ambayo haikuloweshwa. Ikiwa imevimba waziwazi au imekuwa laini kama ubani uliotafunwa, usiitie kwenye bomba la dawa. Ikiwa imebaki vilevile au karibu vilevile, itakufaa.

Na kwa sababu hiyohiyo, acha kukata kandambili kutengeneza washa, na acha kufunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe kwa tyubu! Bomba hilo umelibeba mgongoni. Likivuja kwenye kizibo au kwenye maungio, dawa inashuka kwenye shati, shati linaganda kwenye ngozi, na ngozi yenye jasho inaipokea. Mtu anamaliza kazi kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, mate yanamjaa, naye anadhani ni jua. Si jua, ndugu yangu, ni sumu. Akiona dalili hizo aache kazi, avue nguo zilizolowa, aoge kwa maji mengi na sabuni, kisha aende zahanati mara moja pamoja na chupa ya dawa yenye maandishi yake.

Sasa tuje kwenye nozeli, kile kitundu cha mwisho ambacho dawa inatokea. Hiki ni kipuri kidogo kuliko vyote, lakini ndicho kinachopima dawa yako. Nozeli za kutoa upepeo zinazofuata vipimo vya kimataifa hutambulika kwa rangi. Kwa presha ya bar 3, ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika, ya buluu lita 1.2, na nyekundu lita 1.6. Lakini rangi ni rangi tu. Yeyote anaweza kutia plastiki rangi ya njano. Kwa hiyo pima.

Tia maji safi kwenye bomba. Pampu kwa mwendo wako wa siku zote. Nyunyizia ndani ya chombo kwa dakika moja kamili, mwenzako akitazama saa, kisha pima maji kwa chombo chenye alama za mililita. Rudia mara tatu, uone kama zinakaribiana. Ukitaka kujua kama ya zamani imekwisha, ipime hivyohivyo ukiilinganisha na mpya ya aina ileile. Ikiwa mpya inatoa mililita 800 na ya zamani inapita 880, yaani imezidi sehemu moja ya kumi, itupe.

Utauliza, tofauti ndogo hiyo ina nini? Tupige hesabu. Tuseme unatembea mita 60 kwa dakika, na upana unaonyunyizia ni mita 1. Ekari moja itakuchukua kama dakika 67. Nozeli ya lita 0.8 itakula lita 54 hivi. Nozeli iliyolika, au mbadala yenye tundu kubwa, inayotoa lita 1 nzima kwa dakika, itakula lita 67. Zimezidi lita 13. Kwa bomba la lita 16, karibu bomba zima la dawa limemwagika kwenye ekari moja, nawe umelilipia. Na kama ni dawa ya magugu, ziada hiyo imekwenda kuunguza mgomba ambao hukuukusudia. Hapo ile nafuu uliyopata kwenye nozeli iko wapi?

Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo, na usiichokonoe kwa waya wala sindano. Waya hupanua tundu, na mdomo hunywa sumu. Isafishe kwa maji na mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo tu.

Ukishafunga kipuri kipya, cha aina yoyote, kijaribu kwa maji matupu kabla ya kutia dawa. Jaza tangi, funga kizibo, pampu mpaka mpini uwe mzito, kisha liache bomba chini juu ya karatasi kavu au udongo mkavu kwa robo saa. Inama, libebe, litikise. Tafuta tone kwenye kizibo, kwenye maungio ya mpira, kwenye kifyatuo na kwenye nozeli. Hata tone moja, fungua urekebishe. Ndiyo maana unaponunua upatane na mwenye duka mapema kwamba kisipoingia au kikivuja kwa maji utakirudisha, naye akupe risiti. Muuzaji anayekataa jaribio la maji amekwisha kukuambia habari ya bidhaa yake.

La mwisho ni la ushirikiano. Kama kijijini kwenu mko kumi na kila mmoja ana bomba la aina yake, kila mmoja atahangaika peke yake kutoka Kamachumu mpaka Bukoba mjini kutafuta oringi moja. Lakini mkiwa na mabomba ya aina moja, mnaweza kuchanga na kuagiza vipuri kwa pamoja, hata kupitia chama chenu cha msingi. Mtajaribu oringi moja kwa niaba ya wote. Basi unapotaka kununua bomba jipya, usiulize bei ya bomba peke yake. Uliza: vipuri vyake vinapatikana wapi, na jirani zangu wanatumia lipi?

Ndugu mkulima, kabla ya kwenda shambani msimu huu, lishushe bomba lako kutoka darini, ulifungue, ulitazame. Kitu cha kubadilisha kibadilishe sasa, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua na kujaribu, maana anayenunua kipuri dawa ikiwa imekwisha kuchanganywa hununua chochote anachopewa.