Kuthibitisha Habari Kabla ya Maangamizi

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Wengi huidhania amri hii kuwa ni ya ugomvi wa majirani tu.

Usiku wa Septemba 26, 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari cha Wasovieti, karibu na Moscow. Mitambo ikatangaza kuwa Marekani imerusha kombora. Kisha mengine manne. Wakati wenyewe ulikuwa wa chuki: wiki tatu nyuma Wasovieti walikuwa wameitungua ndege ya abiria ya Korea, wakafa watu 269.

Petrov akazingatia. Mwenye kuanza vita vya nyuklia hatumi makombora matano. Na rada za ardhini hazikuthibitisha lolote. Yakini hakuwa nayo (na hapa ndipo penye mafunzo), lakini aliwaarifu wakubwa wake kuwa tahadhari ile ni ya uongo. Kumbe setilaiti ilihadaiwa na mwanga wa jua juu ya mawingu.

Baadaye alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu. Akajibu kuwa mkono mmoja ulishika simu, wa pili kipaza sauti, na wa tatu hakuwa nao.