Maji ya Uvuguvugu, Kidogo Kidogo

Msikilizaji, leo twende Thailand, kwenye tiba ya jadi inayofundishwa hadi sasa katika hekalu la Wat Pho, jijini Bangkok.

Waganga wa huko husema mwili una asili nne: ardhi, maji, upepo na moto. Damu ni maji. Jasho ni maji. Machozi, mate, mkojo, yote hayo maji. Moto ndio unaosaga chakula tumboni. Ukiumwagia maji ya barafu, wanasema, unaupoza. Ndiyo maana wanashauri maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo.

Hilo la barafu ni imani ya tiba yao. Kwa kawaida maji baridi hayamdhuru mtu mwenye afya. Lakini kunywa kidogo kidogo, kutwa nzima? Hilo lichukue.

Fanya hivi. Ukiamka, kunywa bilauri moja ya maji safi na salama. Weka chupa karibu na unapofanyia kazi. Piga mafunda mawili matatu, endelea na shughuli. Usisubiri koo likauke.

Umechoka na maji matupu? Wathai huchemsha mchaichai, tangawizi au rosela. Mara nyingi hutia sukari nyingi mno, hapo usiwaige.

Ukienda haja ndogo, tazama rangi. Mkojo wa njano iliyokolea mara nyingi unadai maji. Ongeza, kidogo kidogo.

Nawe uliyeambiwa na daktari upunguze maji kwa sababu ya figo au moyo, fuata kipimo alichokupa.