Katika Zahanati Hakuna Mtu Mdogo

(Mazungumzo ya kamati ya zahanati mbele ya mkutano wa kijiji)



Sisi wajumbe wa kamati ya zahanati tumesimama mbele yenu kwa jambo moja. Leo hatukuja kudai michango. Wala hatukuja kusema habari za dawa. Tumekuja kuzungumza juu ya watu wanaofanya kazi katika zahanati. Wanaishi vipi wao kwa wao? Na sisi wanakijiji tunawatazama kwa jicho gani?

Labda mtu atasema moyoni, “Hayo ni mambo yao ya kazini. Mimi yananihusu nini?” Ndugu, yanatuhusu sana. Mfanyakazi anayedharauliwa hafanyi kazi kwa moyo. Akiona kosa, ananyamaza. Akichoka, anaomba uhamisho, anakwenda zake. Na sisi tunabaki na jengo zuri lenye mlango uliofungwa.

Hebu tufuate kazi ya usiku mmoja

Mama mjamzito anapata uchungu usiku wa manane. Anapelekwa zahanati. Nani anamfungulia? Mlinzi. Nani aliosha kitanda cha kuzalia kwa dawa ya kuua vijidudu? Mfagizi. Nani alisafisha na kuchemsha vyombo? Mhudumu. Nani anampokea mtoto? Mkunga. Damu ikizidi kutoka, nani anaitwa aje kusaidia? Mganga wa zahanati.

Sasa jamani, tumtoe nani hapo? Tukimtoa mlinzi, mama anajifungulia nje ya mlango. Tukimtoa mfagizi, kitanda ni kichafu, na mama anaweza kupata ugonjwa hata kama mkunga ni hodari. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuelewane hapa. Hatusemi kazi zote ni moja. Mfagizi hawezi kuchoma sindano, maana hakusomea. Mganga ana mshahara mkubwa zaidi kwa sababu ya masomo yake na wajibu wake. Hilo hatulipingi. Tunachosema ni kwamba utu ni mmoja. Heshima ni moja. Na kinga dhidi ya hatari ya kazi iwe moja kwa wote.

Ubaguzi tuliutoa wapi?

Ubaguzi katika kazi ya afya haukuanza jana. Wakati wa ukoloni ulikuwa ni mpango wa serikali yenyewe. Pale Dar es Salaam hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897, na ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa kwingine, katika hospitali ya Sewa Haji. Na mishahara ya serikali kwa miaka mingi ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Hata Mwafrika aliyesomea udaktari huko Makerere, Uganda, alipewa cheo cha daktari msaidizi.

Leo Ocean Road ni hospitali ya kansa, na mgonjwa hatibiwi kwa rangi yake. Ubaguzi ule wa rangi umeondoka. Lakini je, ubaguzi wote umeondoka? Hapana! Umebadili nguo tu.

Ubaguzi wa siku hizi

Siku hizi ubaguzi hauandikwi mlangoni. Unaonekana katika mambo madogo madogo. Semina inatangazwa wilayani, nayo ina posho. Anayekwenda ni yule yule kila mara, rafiki wa mkubwa. Zamu za usiku zinapangwa, na anayepewa nyingi ni yule mgeni asiye na mtu wa kumtetea. Wafanyakazi wawili wanazungumza kilugha chao mbele ya mwenzao asiyekijua, naye anakaa kama jiwe. Mwislamu ana funga, au Mkristo ana sikukuu yake. Mwenzake anakataa kubadilishana naye zamu, tena kwa kejeli.

Na wanawake je? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kila wafanyakazi 10 wa afya duniani, 7 ni wanawake. Lakini katika vyeo vya juu vya uongozi wa afya, wanawake walikuwa kama robo tu. Maana yake nini? Wanaobeba mzigo ni akina mama, lakini wanaopanga safari ni akina baba.

Sindano haichagui cheo

Sasa tuseme jambo la hatari. Sindano ikishatumika, hutupwa katika boksi lake maalumu. Lakini mara nyingine mtu anaitupa ovyo ndani ya takataka. Nani atachomwa? Si aliyeitupa. Atachomwa mfagizi, anayeshika taka kwa mikono yake. Sindano hiyo inaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kwa hiyo glovu si za muuguzi peke yake. Mfagizi naye apewe, tena zile nene. Apewe na viatu vizima vya kufunika miguu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa sindano 3. Mfagizi naye apate zote 3, kama mganga.

Na mfanyakazi yeyote akichomwa afanye hivi. Aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue. Atoe taarifa saa ile ile. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visimwingie. Lazima aanze kuzimeza kabla saa 72 hazijapita, yaani siku 3, na akiwahi ndiyo bora. Atazimeza kwa siku 28.

Hapo ndipo mnaona ubaya wa dharau. Mfagizi aliyezoea kufokewa ataogopa kusema, “Nimechomwa.” Atanyamaza. Siku 3 zitapita. Ndugu, mtu anaweza kupoteza maisha kwa sababu tu hakuna aliyezoea kumsikiliza.

Sheria inasema nini?

Haya si maneno ya hisani tu. Yamo katika sheria za nchi yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa kabila, mahali alikotoka, rangi, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri au kwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Sheria hiyo inataka pia mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ya thamani sawa walipwe sawa.

Mfanyakazi aliyejifungua anayo likizo ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua mapacha ni siku 100. Akirudi kazini hali ananyonyesha, anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Basi muuguzi akitoka kwenda kumnyonyesha mwanawe, tusiseme ni mvivu. Anatumia haki yake. Kazi ya kamati na mganga ni kupanga nani ashike nafasi yake kwa muda huo.

Iko pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu, wasipungue 3 katika kila 100. Zahanati yetu ni ndogo, haina wafanyakazi 20. Lakini mwajiri ni halmashauri ya wilaya, nayo ina wengi. Siku tukiletewa mwenye ualbino, au anayetembea kwa magongo, tusishangae. Tumtengenezee njia. Ngazi za mlangoni zijengewe mteremko. Mteremko huo utamfaa pia mama mjamzito na mzee wa mkongojo. Mwenye ualbino asipewe kazi ya kushinda juani. Apewe kazi ya ndani, na meza mahali anapoona vizuri anapoandika.

Na sisi wanakijiji je?

Hapa tuseme kweli, hata kama inauma. Ubaguzi mwingine tunaupeleka zahanati sisi wenyewe, kama mtu anavyoingiza matope ndani kwa viatu.

Anakuja mganga kijana, tena msichana. Watu wanasema, “Mtoto mdogo huyu atatuambia nini?” Cheti chake hawakioni, wanaona umri wake tu. Anakuja muuguzi kutoka mkoa wa mbali. Wanamwita “wa kuja”. Nyumba ya kupanga hapati, na mkewe au mumewe hapati wa kumsalimu kisimani. Halafu akiomba uhamisho tunalalamika kwamba serikali haitupendi!

Anakuja mkunga mwanamume. Wanacheka. Wengine wanakataza wake zao wasiende. Jambo hili tulifikirie kwa makini, maana lina pande mbili. Mama anayo haki ya kusitiriwa. Anaweza kuomba awepo mfanyakazi mwanamke, au ndugu yake wa kike, wakati anapopimwa. Mkunga mwema hawezi kukasirika kwa ombi hilo. Lakini kumfukuza mkunga pekee aliyepo zamu, huku mama anatokwa na damu, hilo halimstiri mama. Linamhatarisha maisha. Mwanamume huyo alisomea kazi yake kama mwenzake mwanamke.

Tufanye nini?

Sisi wa kamati tunapendekeza mambo haya matano.

Kwanza, orodha ya zamu ibandikwe ukutani, ili kila mfanyakazi aione na ajue imepangwa kwa haki.

Pili, nafasi za semina ziandikwe katika daftari. Aliyekwenda mwezi huu ampishe mwenzake mara nyingine. Akirudi, awafundishe wote waliobaki.

Tatu, kila mwezi wafanyakazi wote wakae kikao kimoja, mlinzi na mfagizi wakiwemo. Na mfagizi aanze kusema, mganga asikilize. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kazi ile ilifanywa na watu waliokaa pamoja na kusikilizana.

Nne, fedha za zahanati zikipatikana, glovu nene na viatu vya mfagizi vinunuliwe kabla ya viti vipya vya ofisini.

Tano, mfanyakazi mpya akifika, balozi wa nyumba kumi na jirani zake wampokee. Aonyeshwe kisima, soko, msikiti na kanisa. Apate nyumba kwa kodi ile ile anayolipa mwenyeji.

Na mfanyakazi aliyeonewa asinung'unike pembeni. Aseme kwa mganga mfawidhi. Kama mganga mwenyewe ndiye mwonezi, aje kwa kamati, au aende kwa chama chake cha wafanyakazi, au kwa halmashauri, ambayo ndiyo mwajiri wake. Akiandika barua, abaki na nakala. Nyinyi nyote mliojifunza kusoma na kuandika mnajua faida ya karatasi: neno la mdomo hupotea, la karatasi hubaki.

Ndugu zetu, ugonjwa haubishi hodi kwa kabila wala kwa cheo. Siku utakapougua, utahitaji mikono mingi, na hutaiuliza imetoka mkoa gani. Basi tuitunze mikono hiyo yote leo, tungali wazima.

Haya, sisi tumesema. Sasa tunangoja maneno yenu. Na tunaomba aanze kusema yule ambaye kwa kawaida hukaa nyuma.