Mtoto wa Nyoka: Funzo la Filamu ya Awaara



Tumeombwa tuseme machache juu ya sinema na maisha ya roho. Huenda mtu akashangaa kusikia habari za sinema katika ua wa hekalu, tena siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwake. Lakini filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi, aliyoitengeneza Dadasaheb Phalke mwaka 1913, ilikuwa habari ya Harishchandra, mfalme aliyekubali kupoteza ufalme, mke na mtoto kuliko kuvunja ahadi yake. Miaka mingi kabla ya hapo, Mohandas Gandhi, angali mtoto, aliitazama hadithi hiyo hiyo ikichezwa jukwaani. Katika kitabu cha maisha yake anaeleza kuwa mchezo ule haukumtoka moyoni. Aliuigiza peke yake mara nyingi, akijiuliza kwa nini watu wote wasiwe wakweli kama mfalme yule. Mtazamaji wa kawaida huondoka na huzuni; yeye aliondoka na swali.

Nasi leo tuchukue swali moja katika filamu ambayo wazee wengi waliopo hapa wanaijua: Awaara, ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Hizo zilikuwa zama ambazo watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walizipenda filamu za Kihindi hata kama hawakujua lugha yake, na mahadhi ya nyimbo zake yakaingia katika taarabu. Walielewa bila mkalimani, kwa sababu kesi iliyomo katika Awaara imo pia katika methali zetu za Kiswahili.

Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtu mwema huzaliwa na mwema, na mhalifu huzaliwa na mhalifu. Kwa imani hiyo anamtia hatiani Jagga bila ushahidi wa kutosha, kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Jagga anatoroka, anamteka Leela, mke wa hakimu, kisha anamwachilia baada ya kujua kuwa ni mjamzito. Hakimu anamshuku mkewe na kumfukuza. Raj anazaliwa mtaani, anakulia katika ufukara wa Bombay, na Jagga mwenyewe anamfundisha wizi. Hivyo mtoto wa hakimu anakuwa mwizi. Siku anaposimama kizimbani, anayemtetea ni Rita, mwanasheria aliyelelewa na hakimu huyo huyo.

Waswahili husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Waswahili hao hao husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Methali hizi mbili hazikai nyumba moja kwa amani. Hakimu aliishika ya kwanza, na mwanawe mwenyewe akawa shahidi wa ya pili.

Filamu inatukumbusha pia Sita. Leela anapofukuzwa, waimbaji wanaimba mateso ya binti wa Janaka, naye alipelekwa msituni akiwa mjamzito kwa sababu ya maneno ya watu. Tukumbuke ni nani aliyempokea Sita na kuwalea wanawe: ni rishi Valmiki, ambaye masimulizi yetu yanasema alikuwa mnyang'anyi kabla ya kulishika jina la Rama. Kama mwizi hawezi kuwa ila mwizi, basi Ramayana angeitunga nani?

Wahenga wetu walisema juu ya samskara, yaani alama zinazobaki moyoni kutokana na yale tuyatendayo na yale tutendewayo. Elimu ya nafsi ya siku hizi nayo inatufundisha kwamba mtoto aitwaye mvivu kila siku huanza kujiona mvivu. Vijana waliitazama Taare Zameen Par ya Aamir Khan, ya mwaka 2007. Ishaan hawezi kusoma kwa kuwa herufi zinamchezea machoni. Baba yake anaona ukaidi, anampeleka shule ya bweni. Mtoto ananyamaza na hata kuchora anaacha, mpaka anapokuja mwalimu aliyepata kuwa na shida hiyo hiyo. Mwalimu hakumbadilisha mtoto kuwa mwingine. Aliliondoa jina alilobandikwa, akamwona aliyekuwa nyuma yake.

Ramana Maharshi alikuwa akitumia mfano wa sinema kueleza jambo hili. Moto huonekana juu ya pazia la sinema, lakini pazia haliungui. Mafuriko hupita juu yake, nalo halilowi. Picha huja na kuondoka, pazia hubaki jeupe. Ndivyo ilivyo atman ndani ya kila kiumbe. Kosa la hakimu lilikuwa kuona picha na kuidhani pazia: aliona "mwizi" na "mtoto wa mwizi", asimwone mtu.

Ndugu zetu, watu wengi wamemlilia Raj gizani, kisha taa zikawashwa wakarudi nyumbani na hukumu ile ile ya Raghunath. Mara ngapi katika miji yetu imesemwa juu ya kabila fulani, tabaka fulani, au mtoto wa mtumishi wa nyumbani, "Watu wale ndivyo walivyo"? Na sisi Wahindi, mara ngapi tumesemwa hivyo hivyo? Chozi lisilovuka mlango wa sinema halijamsaidia mtu.

Basi tunaomba jambo moja, kwa waumini na kwa majirani. Kila mmoja amkumbuke mtu mmoja aliyekwisha hukumiwa kwa ajili ya kizazi chake: mwanafunzi, mfanyakazi, au mkwe asiyetakiwa. Juma hili aitwe kwa jina lake mwenyewe, aketishwe, asikilizwe. Hekalu letu lilijengwa ili watu wapate darshan, yaani kumwona Mungu na kuonwa naye. Haifai tutoke hapa na macho yale yale tuliyoingia nayo.

Om shanti.