Simu Ikikatika, Kazi Isikatike

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Gungu, Kigoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta na kazi ya serikali. Sitatoa somo la kompyuta, maana wamo vijana humu ambao wangenisahihisha. Nitaeleza kosa langu moja.

Mwaka 2005, nikiwa nimetoka Chuo Kikuu karibuni, nilipangiwa ofisi moja huku kwetu. Kumbukumbu za watumishi tulizipeleka makao makuu, Dar es Salaam, kwa disketi. Disketi ilisafiri kwa treni, katika reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Nikaagizwa nipange njia ya kuunganisha kompyuta yetu na ya makao makuu kwa modemu, yaani kile kifaa kinachogeuza habari za kompyuta kuwa sauti, zikapita katika waya wa simu ya kawaida, na upande wa pili zikageuzwa tena.

Faili letu lilikuwa la kilobaiti 840. Boksi la modemu liliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo nikagawanya: kilobaiti 7 kwa sekunde, dakika 2 kazi imekwisha. Nikaandika hivyo kwenye mpango, mkubwa wangu akatia sahihi, disketi tukaziacha.

Ndugu zangu, hesabu ilikuwa sahihi, lakini mpango ulikuwa mbovu. Kwanza, modemu za kiwango kile, kilichotolewa mwaka 1998, zilifikia 56 katika kupokea tu. Katika kutuma hazikuzidi 33.6. Mimi nilikuwa natuma. Pili, laini yetu ilikuwa na mikwaruzo, na modemu mbili zikikutana katika laini mbaya hupunguza mwendo hadi zisikilizane. Zetu zilisikilizana kwenye 9.6. Dakika 2 zikawa karibu 12. Tatu, laini yenyewe ilikuwa haimalizi dakika 10 bila kukatika, na programu niliyoichagua, kila ikikatika, ilianza upya. Kwa hiyo faili lisingefika hata ningepiga simu mwaka mzima. Na simu ya mbali ililipiwa kwa dakika.

Wenye mitumbwi wa Kibirizi wangenicheka. Hakuna apakiaye mzigo kwa kutazama maji yalivyotulia gatini. Hupakia kwa kukumbuka mawimbi ya mbele.

Mwezi ule walimu wapya kadhaa hawakupata mishahara. Mmoja tulisoma naye hapa hapa, tukala ugali wa sinia moja. Alikuja ofisini, akakaa, akasema polepole, "Ndugu yangu, mwenye duka amekataa kunikopesha." Nikamjibu, "Tatizo ni mtandao." Akaniamini, akaondoka. Jibu lile ndilo linaloniuma mpaka leo. Tatizo halikuwa mtandao. Mtandao ulikuwa vile vile ulivyokuwa kabla sijaandika mpango wangu.

Nilianza tena, safari hii kwa kuuliza waliotangulia. Tangu mwaka 1984 kulikuwa na FidoNet, iliyoanzishwa na Tom Jennings kule Marekani. Kompyuta zake zilikusanya barua mchana, zikapigiana simu usiku, zikabadilishana mizigo, zikakata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua za namna hiyo zilipita Nairobi kwenda Ulaya, na madaktari wa Afrika walitumia njia kama hiyo katika HealthNet. Hawa walijua kwamba simu itakatika, wakapanga kwa kujua hivyo.

Basi tukaacha kutuma orodha nzima, tukatuma mabadiliko ya mwezi tu: kilobaiti 60, chini ya dakika moja hata kwa mwendo ule wa 9.6. Tukachagua programu inayoendelea pale ilipokatikia. Tukapiga alfajiri. Tulikuwa tukijitambulisha kwa neno la siri, makao makuu wanakata, kisha wanapiga wao kwenye namba yetu waliyoiandikisha. Hivyo mgeni hakuweza kuingia kwa kubahatisha neno. Mawingu yakitanda tulichomoa waya wa simu na wa umeme, kwa kuogopa radi. Na disketi tukazirudisha kabatini, tayari kwa treni, endapo yote yatashindikana. Mwezi uliofuata walimu walilipwa.

Modemu hizo leo ni vyuma vya kuchezea watoto. Mikongo ya baharini ilifika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukafuata. Lakini bado mwananchi husimama dirishani akaambiwa, "Mtandao unasumbua." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine kuna mtu aliyepanga kwa kusoma boksi.

Ninyi wanafunzi mtakaopewa kazi za kupanga, iwe mtandao, maji au barabara, ulizeni: mzigo ni kiasi gani, njia ikoje siku ya mvua, ikikatika tutaendelea vipi, na nani anasubiri upande wa pili? Swali la mwisho mimi sikuliuliza.

Yule mwenzangu yumo ukumbini. Leo ameusikia ukweli aliopaswa kuusikia siku ile ofisini.