Mzazi Arudi Mezani: Maneno kwa Wazazi na Walezi wa Mji wa Babati



Nimeombwa nizungumzie ugonjwa ambao majumbani mwetu huitwa kwa majina mengine. Binti wa kidato cha pili anaacha ugali, kisha mboga, kisha hata chai anaikataa ikiwa na sukari. Akiulizwa, husema ana vidonda vya tumbo, amefunga, au amekula kwa rafiki. Mwili unakonda, hedhi inakatika, naye bado anajiona mnene. Jirani hunong'ona uchawi. Baba husema ni kiburi. Huenda ni anoreksia, ugonjwa wa akili unaoweza kuudhoofisha moyo hata kuua. Wavulana nao huupata. Wala si wa Wazungu peke yao: mwaka 2004 Dkt. Frank Njenga wa Nairobi na mwenzake waliandika juu yake katika jarida la tiba la Afrika Mashariki.

Daktari Mwingereza William Gull, aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1874, aliwahesabu ndugu wa mgonjwa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote. Madaktari wa Hospitali ya Maudsley, London, waliona kinyume chake. Mwaka 1987 walionyesha kwamba vijana walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na ambao ugonjwa haujawakaa zaidi ya miaka mitatu, walipata nafuu zaidi walipotibiwa pamoja na familia.

Mwanzoni mwa tiba hiyo, wazazi ndio wanaopakua na kuamua kiasi. Mmoja wao huketi na mtoto, mlo kwa mlo, hata chakula kikichukua saa nzima na machozi. Hakitafutwi chakula cha ajabu: ni ugali, maharage, maziwa, samaki wa ziwa letu. Fimbo haimo, wala kejeli, wala kumlinganisha na dada yake. Mnayepambana naye ni ugonjwa, si mtoto. Baba na mama, au bibi anayemlea, wawe na kauli moja. Mmoja akisema "mwache leo", ugonjwa umepata mlango. Hapo ndipo pagumu kwetu, maana akina baba wengi hatujui hata watoto wamekula nini. Uzito ukirudi, kijana hurudishiwa uamuzi wa chakula chake kidogo kidogo, na mazungumzo hugeukia masomo, marafiki na ujana wake.

Lakini aliyekaa na njaa muda mrefu msimshindilie chakula ghafla nyumbani. Madini ya damu yanaweza kuvurugika akafa. Hospitali kwanza, apimwe uzito, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na damu yenyewe. Akizimia, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Aliye bweni, mwombeeni ruhusa akae nyumbani kwa muda. Katika bwalo la wanafunzi mamia, hakuna wa kuitazama sahani yake.