Kujifunza Kusema Kiingereza kwa Kuigiza Mazungumzo

(Hotuba kwa wanafunzi wa masomo ya watu wazima na walimu wao)



Wako watu wengi katika nchi ya Kenya waliosoma Kiingereza miaka saba, minane au zaidi. Waliandika mazoezi yao vizuri, wakapata alama njema katika mitihani. Hata hivyo, wakifika mbele ya dirisha la ofisi au meza ya mwajiri, ulimi huwa mzito. Maneno wanayajua, na wakipewa karatasi na kalamu watayaandika bila shida. Lakini kinywani hayatoki, au hutoka wakati yule anayeuliza amekwisha kuchoka kungoja. Mtu wa namna hii hudhani kwamba hana akili ya lugha. Sivyo. Akili anayo, alichokosa ni mazoezi ya kusema.

Hakuna mtu aliyejua kupanda baiskeli kwa kusoma habari za baiskeli. Hapana budi apande, ayumbe, aanguke, na apande tena. Kusema lugha ni vivyo hivyo. Basi swali ni hili: mwanafunzi ataangukia wapi? Akianguka mbele ya mwajiri, aweza kuikosa kazi. Akianguka hospitalini, mgonjwa aweza kudhurika. Lakini akianguka darasani, hasara yake ni ndogo, na faida yake ni kubwa. Hiyo ndiyo sababu ya kuigiza mazungumzo, jambo ambalo walimu wa siku hizi huliita igizo dhima.

Kwanza na itazamwe hesabu. Darasa lina wanafunzi 40, na kipindi ni dakika 40. Mwalimu akisema nusu ya kipindi, zinabaki dakika 20. Akiwauliza wanafunzi mmoja mmoja, kila mtu atapata nusu dakika ya kusema, na wengine 39 watanyamaza wakimsikiliza. Lakini akiwagawa wawili wawili, wakazungumza wote kwa wakati mmoja kwa muda wa dakika 10, kila mwanafunzi atasema kwa dakika kama tano. Hizo ni mara kumi ya zile za kwanza. Kelele zitakuwako, kweli, lakini ni kelele za watu wanaofanya kazi.

Sasa jinsi ya kufanya. Mwalimu huchagua jambo linalotokea kila siku, kwa mfano mzazi aliyempeleka mtoto hospitalini. Huandika vijikaratasi viwili. Cha kwanza chasema: "Wewe ni mzazi. Mtoto ana homa tangu juzi. Umesahau kitabu cha kliniki nyumbani." Cha pili chasema: "Wewe ni karani wa hospitali. Huwezi kumwandika mgonjwa mpaka ujue umri wake, mahali anapokaa, na siku ugonjwa ulipoanza." Kila mmoja husoma karatasi yake tu, asione ya mwenzake. Karani hajui kwamba kitabu kimesahauliwa, wala mzazi hajui ataulizwa nini.

Nguvu ya zoezi hili imo katika kutojua huko. Watu wawili wakikariri mazungumzo yaliyochapishwa kitabuni, hakuna anayemsikiliza mwenziwe, kwa maana kila mmoja anajua jibu litakalokuja. Lakini asiyejua jibu hana budi kusikiliza, kufahamu, na kutafuta neno upesi. Ndivyo mazungumzo ya kweli yalivyo. Wakimaliza, hubadilishana nafasi: karani awe mzazi, na mzazi awe karani.

Tena zoezi hili hufichua makosa ambayo kitabu cha sarufi hakiwezi kuyafichua. Yafaa kutaja matatu.

La kwanza ni saa. Saa tatu ya asubuhi kwa Kiswahili ni "nine o'clock" kwa Kiingereza, kwa sababu Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Mtu aliyeambiwa aje kwa mwajiri "at nine" naye akaelewa saa tisa, atafika alasiri, saa sita baada ya wakati uliowekwa, akute nafasi imekwisha kupewa mwingine. Barua yake ya maombi ilikuwa nzuri; saa ndiyo iliyomwangusha.

La pili ni swali lenye kukanusha. Kwa Kiswahili mtu akiulizwa, "Hujampa mtoto dawa?" naye hajampa, aweza kujibu, "Ndiyo," yaani, ndivyo ilivyo, sijampa. Kwa Kiingereza mtu huyo angepaswa kujibu "No". Akijibu "Yes", mwenye Kiingereza ataelewa kwamba dawa imekwisha kutolewa, na mtoto atakaa bila dawa. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi azoee kutokomea kwenye neno moja, bali kutaja jambo lenyewe: "No, I have not given him any medicine."

La tatu ni adabu. Mwenye kuomba maji kwa Kiswahili husalimu kwanza, akauliza hali, kisha akasema, "Naomba maji." Heshima yake imo katika salamu na katika neno la kuomba. Akitafsiri neno kwa neno "Nipe maji" huku ameiacha salamu, husikika kama mtu anayeamrisha. Mwingereza huiweka heshima katika umbo la swali: "Could I have some water, please?" Vilevile neno "pole" huambiwa mtu aliyejikwaa, hata na mpita njia asiyehusika. Wakenya husema "sorry" kwa nia hiyo hiyo nao huelewana vema, lakini mgeni aweza kushangaa kwa nini aliyemwona akijikwaa amemtaka radhi.

Yako mambo ya zamani yanayoonyesha thamani ya kuondoa hofu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986, ameeleza jinsi wanafunzi wa shule katika miaka ya 1950 walivyoadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao. Kifungo kilipitishwa kutoka mtoto mmoja hadi mwingine aliyesikika akiisema, na jioni waliokishika waliadhibiwa. Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza jambo moja mapema: kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusema. Na anayenyamaza hawezi kuijua lugha yo yote, iwe ya kwao au ya kigeni.

Katika Ulaya nako walimu waliona kwamba sarufi peke yake haitoshi. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilitoa kitabu kilichoandikwa na J. A. van Ek, kilichoorodhesha mambo ambayo mwanafunzi wa Kiingereza apaswa kuweza kuyatenda kwa lugha: kuuliza, kukataa, kutaka radhi, kuomba msaada. Tangu hapo madarasa mengi yaliacha kuuliza tu, "Mwanafunzi anajua kanuni gani?" yakaanza kuuliza, "Aweza kufanya nini kwa kanuni hizo?"

Mwalimu atakayejaribu zoezi hili yafaa ashike mambo manne. Kwanza, kabla ya kuanza awape wanafunzi maneno watakayohitaji, wayatamke pamoja mara chache. Pili, wanapozungumza asiwakatize. Apite polepole kati yao na daftari mkononi, aandike makosa anayoyasikia. Tatu, mwisho wa zoezi ayaeleze makosa hayo ubaoni bila kutaja aliyeyafanya. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya wenzake, huenda asirudi wiki ijayo. Nne, mwenye haya apewe kwanza nafasi yenye maneno machache, kama mteja anayeuliza bei, na aongezewe siku kwa siku. Mtu aliye mnyonge kwa jina lake mwenyewe mara nyingi huwa hodari akiitwa daktari au hakimu, maana kosa likitokea ni la daktari wa mchezo, si lake.

Asiye na darasa naye asikate tamaa. Aweza kumtafuta rafiki mmoja, wakakutana jioni mara mbili kwa wiki, leo mmoja awe mwajiri na kesho awe mwombaji wa kazi. Dakika 15 zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala mtu asidhani kwamba kujifunza Kiingereza ni kukidharau Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika katika kesi yake haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo. Kumwomba mkalimani huyo si aibu. Hatari ni kuitikia "Yes" kwa jambo usilolielewa.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kuigizwa, kabla ya hospitali na kabla ya mwajiri, iwe hii: "I am sorry, I did not understand. Please say it again slowly." Wawili wawili waiseme, mmoja akisema upesi kwa makusudi, na mwingine akimrudisha nyuma kwa upole mpaka afahamu. Mwenye sentensi hiyo kinywani hatatoka ofisini na jambo asilolijua. Kuuliza si ujinga.